Kanda ya kujaribia

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Mlandege, Unguja mjini. Kibanda chake kilitosha meza moja iliyojaa alama za kuungua kwa chuma cha kulehemu, kigoda cha mteja, na rafu ya redio ambazo wenyewe hawakurudi tena kuzichukua. Mtu akileta redio, mjomba huigeuza, hushika bisibisi, husema "Bismillahi" kwa sauti ya chini, ndipo aguse skrubu ya kwanza. Kazi ikishakwisha, kabla mwenye redio hajalipa, huvuta mtoto wa meza na kutoa kanda moja kuukuu isiyo na jina la mwimbaji. Kwenye karatasi yake aliandika neno moja tu kwa kalamu ya wino: KUJARIBIA.

Kanda hiyo alirekodi kutoka kwenye santuri ya baharia mmoja wa Malindi. Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini aliyoitumia ilikuwa ile ya mwisho ya upande wa kwanza. Aliniambia ina kila kitu ambacho fundi anataka kukisikia: sauti tupu za watu bila ala, piano peke yake, besi, gitaa kali, kundi zima linalopiga kelele kwa pamoja, na sauti moja nyembamba kama sindano inayopanda mpaka unahisi itakatika. Spika mbovu, alisema, itaweza kujificha kwenye hotuba na hata kwenye taarab, lakini humu haijifichi.

"Redio ikiuimba wimbo huu bila kukoroma, chukua, nenda nayo nyumbani."

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya skuli, nimekaa sakafuni nachambua skrubu kubwa na ndogo, siku niliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza katikati ya zile kelele. Nilinyanyua kichwa. Kanda ikaendelea, kundi likajibu, neno likarudi tena, na tena.

"Mjomba, huyu Mzungu kasema Bismillahi?"

"Kasema."

"Kwa nini?"

Akafikiri, chuma mkononi. "Labda hapo ndipo kazi nzito inapoanza."

Zaidi ya miaka thelathini imepita, na kila niliposoma habari za wimbo ule nimekuta jibu la mjomba limesimama palepale.

Wimbo wenyewe ni "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen ya Uingereza, uliotoka tarehe 31 Oktoba 1975. Nilikuja kulijua jina lake mwishoni mwa 1991, baada ya mwimbaji wake kufariki, pale yule baharia alipopita kibandani akiwa na gazeti la Kiingereza lililokunjwa mara nne. Alimwonyesha mjomba picha ya mtu mwenye sharubu, kisha akaweka kidole chini ya mstari mmoja na kuusoma kwa sauti. Zanzibar. Mjomba alilichukua gazeti lile akalitazama kwa muda mrefu, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye maboksi ya vipuri. Kisha akatoa kanda ya kujaribia kwenye mtoto wa meza, akaigeuzageuza mkononi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni; mama yake ni Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta, jamii ndogo iliyokuwapo Mji Mkongwe tangu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na ambayo leo ni shida kumpata hata mmoja wao. Alipofika miaka minane hivi wazee wake walimpeleka skuli ya bweni Panchgani, milimani kusini ya Bombay. Huko alisoma piano na kupiga na wenzake katika bendi ya skuli. Mwaka 1963 alirudi Unguja. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na familia ikaondoka ikahamia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17.

Kwa hiyo neno lile halikuwa la nyumbani kwao. Kwa Waparsi si neno la dua. Lakini mtoto anayekulia Shangani hahitaji kuwa Mwislamu ili alisikie: lipo kwa muuza kahawa anapomimina kikombe cha kwanza, kwa mpagazi anapoinua gunia, kwa yaya anapomshika mtoto mkono kuvuka njia. Huwezi kukaa Unguja miaka minane ya mwanzo ya uhai wako neno hilo lisikuingie kama unavyoingia mlio wa jogoo. Na miaka mitatu baada ya "Bohemian Rhapsody", katika albamu ya 1978, alifungua kwa wimbo uitwao "Mustapha", amechanganya Kiingereza, maneno ya Kiarabu na maneno aliyoyatunga mwenyewe, na ndani yake kuna maamkizi ya salamu aleikum. Mtu anayeniambia kuwa sauti hizo ni mapambo tu ya kuokota simsikilizi.

Lakini sitaki kukaa sana kwenye kudai. Tunapomzungumzia Freddie hapa kwetu huwa tunaishia kwenye swali la ni wetu au si wetu, na wimbo wenyewe tunausahau. Mimi nililelewa na fundi, na kinachonishika kila ninapousikia ni ufundi.

Queen ilikuwa bendi ya mafundi kwa maana halisi. Brian May, mpiga gitaa, alianza kulitengeneza gitaa lake mwaka 1963 akiwa kijana mdogo, yeye na baba yake, kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua lile alilolitaka. Shingo yake ni mbao iliyotoka kwenye kingo za jiko la zamani la kuotea moto. Springi zake zilitoka kwenye pikipiki. Vidoto vyeupe vya kwenye shingo ni vifungo vya nguo vya mama yake. Gitaa hilo ndilo alilopiga kwenye "Bohemian Rhapsody", na bado analipiga. John Deacon, mpiga besi, alisomea elektroniki chuoni. Siku moja mitaani London aliona kipande cha saketi kimetupwa jalalani, akakiokota, akakitia ndani ya boksi la spika, akapata amplifaya ndogo. May aliitumia kwenye rekodi za bendi, na katika albamu ya 1975 yenye "Bohemian Rhapsody" kuna wimbo mwingine ambao gitaa lake kupitia amplifaya hiyo linatoa sauti ya bendi nzima ya tarumbeta na klarineti. Roger Taylor, mpiga ngoma, ndiye mwenye ile sauti nyembamba kama sindano. Freddie mwenyewe alisoma sanaa ya michoro chuoni Ealing, na nembo ya bendi aliichora kwa mkono wake.

Nilipomsimulia mjomba habari ya saketi ya jalalani alisimama. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Nusu ya redio za mtaa wetu zilikuwa hai kwa viungo vya redio zilizokufa.

Na sasa nije kwenye namna walivyourekodi, maana hapa ndipo palipo na utamu. Walianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, shambani huko Wales, karibu na Monmouth, wakiwa na mtayarishaji Roy Thomas Baker. Freddie alikuwa na wimbo wote kichwani. Baker alisimulia kwamba alipompigia kwenye piano kwa mara ya kwanza alifika mahali akasimama, akamwambia hapa ndipo opera inapoingia. Basi walirekodi piano, besi na ngoma, wakaacha pengo. Mashine za wakati huo zilikuwa na njia 24 kwenye ukanda wa inchi 2: yaani unaweza kuweka sauti 24 mbalimbali, kila moja kwenye mstari wake, kisha basi. Wao walitaka kwaya nzima, na waimbaji walikuwa watatu tu. Deacon hakuimba.

Walichofanya ni hiki. May aliimba chini, Freddie katikati, Taylor juu kabisa. Wanaimba kipande kidogo, wanakirudia juu ya kile cha mwanzo, wanakirudia tena, mpaka njia zinajaa. Hapo wanazimimina zote kwenye njia chache, zile nyingine zinapata nafasi, wanaanza upya. Siku nyingine waliimba saa 10 hadi 12. Sehemu ya opera peke yake iliwachukua kama wiki tatu, na inasemwa kwamba tabaka za sauti zilifika 180. Kila kumimina kunaupitisha ukanda kwenye kichwa cha mashine, na kila kupita kunakwangua kidogo ile rangi ya kahawia inayobeba sauti. Mwishowe waliushika ukanda wakauinua kwenye mwanga, wakaona mwanga unapita upande wa pili.

Aliyewahi kushika kanda anajua maana yake. Rangi ile ndiyo sauti. Ukanda unaoonyesha mwanga ni ukanda ulio karibu kubaki plastiki tupu, na kazi ya wiki tatu imo ndani yake. Mjomba alikuwa akivisafisha vichwa vya teip kwa pamba na spiriti, na ile pamba ikitoka na vumbi la kahawia alikuwa akinionyesha: hizi ni nyimbo za watu. Queen walikuwa wanauchakaza wimbo kwa kuutengeneza, na hawakuacha mpaka ukawa sawa. Leo hata simu inaweza kuwa na njia zaidi ya 24 na hakuna kinachokwaruzika. Nafurahi kwamba ni rahisi. Lakini nikisikia lile kundi la watu watatu likigeuka kuwa mahakama nzima, linabishana kama kijana aachiwe au asiachiwe, upande mmoja ukimwombea na upande mwingine ukiapa kwa neno lile kwamba haachiwi, nasikia pia hofu ya ukanda kukatika.

Kwa urefu wake ulikuwa dakika 5 na sekunde 55, na watu wa biashara wa kampuni waliona hakuna redio itakayoupiga. Kwa mtu wa Unguja hili ni jambo la kushangaza kidogo. Katika taarab muda huo fidla bado zinatandika njia na mwimbaji hajafungua kinywa. Nchi iliyozoea Ikhwani Safaa, chama kilichoanza 1905, haiwezi kumhukumu mtu kwa dakika sita. Lakini redio za Uingereza zilizoea dakika tatu. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipewa nakala, na kwa siku mbili za mwisho wa wiki akaupiga mara 14. Watu walikwenda madukani kuuulizia kabla haujafika. Ulikaa namba moja Uingereza wiki 9. Na kwa kuwa bendi ilikuwa safarini na isingeweza kwenda kuuonyesha kwenye televisheni, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga filamu kwa saa chache tu, nyuso nne gizani. Filamu hiyo fupi iliwafundisha wengine wote kwamba wimbo unaweza kusafiri bila mwimbaji.

Jukwaani hawakujaribu kuudanganya umma. Walipofika kwenye opera walitoka, taa zikabaki, ukanda ukaimba, kisha wakarudi kwa kishindo kwenye sehemu ya roki. Siku ya Live Aid pale Wembley, tarehe 13 Julai 1985, Freddie aliketi kwenye piano akafungua nao, akaishia kabla ya opera, akasimama akahamia wimbo mwingine. Dakika 21 walizopiga siku hiyo watu bado wanazizungumzia.

Maana ya wimbo Freddie hakuieleza mpaka anakufa. Kijana anamwambia mama yake kwamba ameua, anaaga, anabishaniwa, anakasirika, mwisho anaachia kila kitu kiende na upepo. Wapo wanaosema ni siri ya mapenzi yake, wapo wanaosema ni Mapinduzi na mji aliouacha. Mwaka 2004 kanda ya nyimbo za Queen iliruhusiwa kuuzwa rasmi Iran, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya maelezo: kijana ameua kwa bahati mbaya, ameiuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa Bismillahi na kuipata roho yake tena. Nimeipenda tafsiri hiyo, ingawa siifuati. Sisi tumelelewa na mafumbo. Mtunzi wa taarab hutunga ubeti kuhusu mnazi au paka, na ukumbini kila mmoja anamjua aliyetupiwa, wala hakuna anayekwenda kumwuliza mtunzi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Aliyekaa kimya kuhusu maana alikuwa anafanya jambo ambalo bibi zetu wangelielewa mara moja.

Kuna jambo moja ambalo sikulielewa, na linaniuma mpaka leo. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wanamuziki wenzao wengi duniani walikuwa wamekubaliana kutokwenda. Chama chao cha wanamuziki Uingereza kiliwatoza faini. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba wanawapigia watu wote. Wakati huohuo huku kwetu, Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro, vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliokimbia bunduki walikuwa wanasoma na kulima kwenye ardhi waliyopewa na Tanzania. Mtu aliyezaliwa Unguja alikwenda kuwaimbia upande wa pili. Mwaka 2003 May na Taylor walikuwa mstari wa mbele kwenye tamasha la 46664, namba ya Mandela gerezani, mjini Cape Town, mbele ya Mandela, kwa ajili ya vita dhidi ya Ukimwi, na nilifurahi kwa dhati. Lakini 1984 ilikuwa 1984. Siwezi kuupenda wimbo huu kama mtu mzima huku hilo nikiliruka.

Freddie alitangaza kuwa ana Ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, na siku iliyofuata akafariki, na miaka 45. Makuhani wa Kizoroasta walimsalia London. Wimbo ulitolewa upya, ukarudi namba moja wiki 5, mapato yakaenda kwa shirika la kusaidia wagonjwa wa Ukimwi. Mwaka uleule mtaani kwetu alikufa jirani, kijana aliyekuwa akitununulia mabungo, na maradhi yake hayakutajwa wala siku ya hitima. Watu walisema "kichwa". Mama yake aliishi na neno hilo kifuani mpaka naye akafa. Wimbo unaoanza kwa kijana kumwita mama kumwambia lisilosemeka, tangu hapo nilianza kuusikia kwa sauti ya yule mama.

Leo barabara ya Kenyatta, Shangani, kuna makumbusho yake, yalifunguliwa 2019. Wageni hupigwa picha mlangoni, na waongoza watalii huwaonyesha nyumba zaidi ya moja wakisema humu ndimo alimokaa. Mwaka 2006 kulipangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, na kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kikaipinga kwa sababu ya maisha yake, ikafutwa. Sisi ni mji unaouza jina lake asubuhi na kulionea haya jioni. Muswada wake wa wimbo, ulioandikwa kwa mkono, uliuzwa London Septemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.3, juu ya karatasi moja kuna jina la kwanza alilolifikiria, "Mongolian Rhapsody", limekatwa kwa mstari.

Mjomba alifunga kibanda zamani. Redio zimekuwa simu, na simu hana hamu nazo. Kanda ya kujaribia ilikatika mwaka ambao sikumbuki, akaiunga kwa gundi, ikakatika tena. Na ilikuwa na ila moja ambayo hatukuijua: alipoirekodi, upande wa kwanza ulikwisha kabla ya wimbo. Piano ikianza kupoa mwishoni, sauti ikishuka kuwa mnong'ono, kanda ilikuwa inasema tak, kitufe kinaruka. Kwetu sisi wimbo uliishia hapo, na nilidhani ndivyo ulivyotungwa.

Mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya futari, nilimkalisha barazani nikamvisha vidude vya masikioni. Macho yake yalikuwa yamefumba. Kwenye opera midomo yake ilikwenda pamoja nao, na kwenye neno lile aliinua kidole kama alivyokuwa akifanya kibandani. Ikafika piano ya mwisho. Niliona mkono wake unakwenda hewani kutafuta kitufe, kwa mazoea, na mkono ukasimama. Roger Taylor alikuwa amepiga upatu, mara moja, polepole, mlio ukatanuka ukapotea.

Mjomba alifumbua macho.

"Kumbe kuna upatu," alisema. "Rudisha."